Mkasi wa Chaki

Kiwandani walimwita Chaki, na mwenyewe aliitika bila kinyongo, kwa maana jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu karibu na mlango wa stoo, kipande cha chaki kati ya vidole viwili, na siku zote alipokuwapo, hakuna shati la sare lililotoka nje ya jengo lile bila kupita mikononi mwake. Alikagua kola, akakagua mabega, akaingiza kidole katika kila tundu la kifungo, akavuta pindo kama mtu anayemvuta mtoto sikio. Shati lililo sawa alilitia tiki ndogo ndani ya kola, likaenda kupigwa pasi. Lenye kasoro alilichora X kubwa mgongoni. Hiyo X mafundi waliiita mkasi, kwa sababu nguo iliyopigwa mkasi ilirudi kwa aliyeishona ikafumuliwe. Nao walilipwa kwa nguo zilizopita tu. Mkasi mmoja ulitosha kumnunisha mtu hadi jioni.

Hata hivyo hakuna aliyemchukia. "Chaki hana ndugu," walisema, na walisema kwa heshima. Siku moja alimpiga mdogo wake wa tumbo moja mikasi kumi na moja, kisha wakarudi nyumbani pamoja, wakala sahani moja, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa akimnyima raha sasa. Alikuwa fundi wa matundu ya vifungo, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Kisha uvimbe ukamwota kwenye kizazi. Mwanzoni alijikaza kisabuni, akashona huku ameuma meno. Baadaye damu ikawa inamtoka wiki mbili katika kila mwezi, mpaka siku moja akaanguka kifudifudi juu ya mashine, wakamchukua nyumbani, na hakurudi tena. Daktari wa hospitali ya mji alisema mambo mawili: kwamba upasuaji wa uvimbe ule si kitu kigeni kwao, wanaufanya kila wiki, na kwamba asiye na kadi ya matibabu hulipa kwanza, tena zote. Kadi walikuwa nayo walioajiriwa kwa barua. Chaki, pamoja na miaka yake yote ile, kila Jumatatu alitia saini upya getini kama mtu aliyefika jana, kwa sababu kwenye vitabu vya kiwanda yeye na mafundi wote walikuwa vibarua. Gharama ya upasuaji dada na mdogo wake waliipigia hesabu mara moja tu, wakaikunja karatasi, hawakuizungumzia tena.

Ndipo tangazo likabandikwa getini. Mji ungepiga kura ya maoni kwa mara ya pili: je, vibarua na wanaowategemea waingizwe katika mfuko wa matibabu, wachangie kidogo kidogo na kupewa kadi kama wengine? Mara ya kwanza, miaka minne nyuma, pendekezo lilianguka kwa kura themanini na nane. Safari hii zilibaki siku kumi na moja.

Mtu angedhani mafundi wangelipokea tangazo hilo kwa vigelegele. Walilipita kama wanavyolipita tangazo la paka aliyepotea. Fundi mmoja waliyemwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia, ndiye aliyesimama kulisoma, na alilisoma ili apate la kusema.

"Hawa hawana haya," alisema Redio wakati wa chakula cha mchana, mafundi wakiwa wamekaa juu ya majora ya vitambaa. "Ile mara ya kwanza si tulikwenda? Tulipigwa jua kutwa nzima, mashine zimelala, siku ile hatukuvuna hata senti. Na kura zetu wakazila. Sasa wanataka niache tena mkate wa watoto wangu nikawape kura nyingine wale?"

"Waliziiba," wenzake wakaitikia.

"Waliziiba mchana kweupe," akasema Chaki, na kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwa miaka minne hilo ndilo alilokuwa akilisema. Alikuwa na hakika, kwa sababu mafundi karibu wote walipiga kura siku ile, na yeye alijua walipiga nini.

Siku ya tatu yake akaja mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, shati lake limetiwa kiraka begani kwa ustadi ambao Chaki aliukubali papo hapo. Alikuwa akizunguka viwandani kuwaeleza watu namna ya kupiga kura, bila kuwaambia wapige ipi. Meneja alimruhusu nusu saa ya chakula na si dakika zaidi. Mwalimu akagawa karatasi za mfano, na Chaki akamsaidia, kwa sababu hapo kiwandani kitu hakigawiwi bila Chaki kukigusa. Karatasi ilikuwa na swali juu, na chini yake visanduku viwili, kimoja Ndiyo, kimoja Hapana.

"Jazeni kama mtakavyojaza siku yenyewe," mwalimu akasema. "Msiandike majina."

Wakajaza, wakamrudishia. Mwalimu akazipitia taratibu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akazipitia tena.

"Samahani, mama zangu," akasema. "Nilidhani kadi hii ni yenu. Mbona mnaipinga?"

"Nani anaipinga?" Redio akaruka. "Mwalimu, tazama vizuri. Si hiyo Hapana tumeipiga mkasi?"

"Mmeipiga nini?"

"Mkasi! Tumeikataa hiyo Hapana. Wengine tumetia na tiki kwenye Ndiyo, ili asije mtu akasingizia kwamba hakuelewa."

Mafundi wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akainua karatasi moja juu, akaweka kidole kwenye ile X iliyochorwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kuichora.

"Kwenye kura," akasema polepole, "X ndiyo kuchagua. Ukiiweka hapa kwenye Hapana, umesema unataka Hapana. Na ukitia alama kwenye visanduku vyote viwili, kura yako imeharibika, inatupwa."

Kicheko kikakatika. Mmoja akasema, "Eti nini?" Mwingine akaomba arudiwe. Mwalimu akarudia, mara mbili, na nusu saa ikaisha, kengele ikalia, wakarudi kwenye mashine zao wakinong'onezana.

Chaki alirudi kwenye meza yake akiwa amekufa ganzi. Maana yeye alikumbuka kitu ambacho wengi wa waliokuwamo humo hawakukijua au walijifanya wamekisahau. Miaka minne nyuma, kwenye foleni, mafundi walimgeukia wakamuuliza, "Dada Chaki, inawekwaje hii?" Naye hakusita. Hata haikumjia akilini kumuuliza mtu. Aliwajibu, "Kama kazini tu. Usichokitaka, kipige mkasi." Maneno hayo yakatembea foleni nzima, mbele na nyuma, watu mia na zaidi. Na ndani, karani alipowasomea haraka haraka kwamba waweke X kwenye chaguo lao, Chaki aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jina lake mwenyewe. Kura themanini na nane! Hakuna aliyeiba chochote. Kura zao zilihesabiwa vilevile walivyozipiga.

Jioni alimkuta mdogo wake amelala ubavu, mto tumboni, redio ndogo ikivuma kando ya kitanda. Uso ulikuwa umepauka kiasi kwamba midomo ilikaribia kufanana na mashavu. Chaki alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumweleza yote bila kukata hata kipande.

Mdogo wake akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akajishika tumbo, akacheka tena.

"Dada, niache, naumia! Wewe? Wewe uliyenifumulisha mashati kumi na moja kwa siku moja?"

"Usinicheke. Miaka minne hii unateseka hapo, na mimi ndiye niliyekuweka hapo."

"Hukuniweka. Uvimbe haukuomba ruhusa kwako." Akaacha kucheka. "Waambie."

"Wameshamsikia mwalimu."

"Wamesikia namna ya kuweka X. Lakini kwenda hawatakwenda, wanaamini kura huliwa. Nani ataacha siku ya kazi akaitupe kwenye tundu? Waambie kwamba hazikuliwa."

Chaki akashika tama. Kitu kimoja tu alikuwa nacho maishani ambacho hakukiazima kwa mtu, nacho ni kwamba jicho lake halikosei. "Nikishawaambia, nani atakubali tena nimfumulishe shati?"

"Dada," mdogo wake akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Shati lenye kasoro ni lako leo. Utalipitisha?"

Chaki akainuka, akampashia maji ya kujikanda, akafua koti lake la kazi, lile la buluu, akalianika dirishani.

Kesho yake saa ya chakula, kabla watu hawajafungua vikopo vyao, alipiga meza kwa rula ya chuma. Wote wakageuka. Chaki hakuwa mtu wa hotuba.

"Mara ya kwanza kura zetu hazikuibwa," akasema. "Nani aliyewaambia wapige mkasi kwenye Hapana? Mimi. Waliokuwepo wanajua, na wamenistahi kwa kunyamaza. Sikuuliza mtu, kwa sababu nilijiona najua. Kila tulipoikataa Hapana, tuliichagua. Ile kadi tuliiangusha wenyewe, kwa mikono yetu, na mkono wa kwanza ni huu." Akauinua, na kila mtu akauona ule weupe wa chaki usiotoka hata kwa sabuni. "Kwa hiyo msiniambie kura zetu hazina nguvu. Zilikuwa na nguvu ya kuuangusha mpango wa mji mzima. Tuliushona upande wa ndani ukatokea nje, basi."

Chaki akamsogelea Redio, akamtia chaki mkononi, akamgeuzia mgongo.

"Nipige mkasi."

"Dada Chaki, mimi siwezi..."

"Kasoro ni kasoro. Piga."

Redio, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, akapiga mkasi pasipo kusema kitu, toka bega hadi kiuno, mstari mmoja, kisha wa pili. X ikatoka imepinda. Chaki akarudi mezani kwake, akafanya kazi mchana wote akiwa na mkasi mgongoni, na yeyote aliyeleta mzigo wa mashati aliuona. Siku hiyo alikataa mashati ishirini na saba. Hakuna fundi aliyenung'unika.

Kabla ya kutoka, fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwepo kwenye foleni ile ya zamani, alipita karibu na meza akasimama.

"Nimekuwa nikifikiri," akasema. "Kama X ndiyo kuchagua, basi sisi hatukukukataa leo. Tumekuchagua."

Chaki alijifanya anatafuta rula.

Likabaki la siku yenyewe. Wenye barua walipewa mapumziko. Vibarua waliambiwa anayetaka kwenda aende, lakini mashine yake atapewa mmoja wa wale wanaosubiri getini. Meneja, waliyemwita Bwana Mzigo kwa sababu hakuwa na neno jingine, alipita katikati ya mistari ya mashine asubuhi ile akipiga makofi. "Mzigo unaondoka saa kumi! Mashati mia nane! Mzigo, mzigo!"

Mafundi wakainamisha vichwa. Redio alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake vya kutokea, akavificha chini ya mashine. Hapo ndipo Chaki alipopiga moyo konde, akaweka chaki mezani, akapita katikati ya chumba na kusimama mbele ya meneja. Alikuwa amevaa koti lilelile. Hakuwa amelifua tena, na mkasi ulikuwa ungali mgongoni.

"Naenda kupiga kura," akasema.

"Mama, mzigo..."

"Mzigo hautoki bila tiki yangu, na mimi siko mezani. Foleni ikiwa ndefu, utanisubiri."

"Nitamweka mtu mwingine pale."

"Mweke," Chaki akasema kwa upole kabisa.

Bwana Mzigo akatazama meza, akatazama rundo la mashati yasiyokaguliwa. Wote wawili walikuwa wanakumbuka jambo moja. Mwaka uliopita Chaki aliugua siku mbili, akawekwa mtu mwingine pale, na mteja akarudisha shehena yote, kola zimepishana. Meneja aliulizwa maswali mpaka akakonda.

"Unakwenda na kurudi," akasema hatimaye.

"Nakwenda na mstari wa kwanza. Wakirudi hao, unakwenda wa pili, kisha wa tatu, hadi wa mwisho. Watakaobaki wanashona, na mashati ya leo yote yanawekwa pamoja, yanagawiwa sawa, asipunjike aliyekwenda wala aliyebaki. Tumeshakubaliana. Nikirudi nakagua bila kukaa, na mzigo wako saa kumi utauona mlangoni."

Meneja akaondoka kwenda kujifungia ofisini. Mafundi walivunjika mbavu bila kutoa sauti, na mstari wa kwanza ukainuka.

Walikwenda kwa miguu hadi shule ya msingi iliyo mtaa wa pili, wanawake arobaini kwa mkupuo, vipande vya nyuzi vimewaganda kwenye sketi. Chaki alitangulia. Watu barabarani walimtazama yule mama mwenye X kubwa mgongoni, na yeye alitembea kichwa juu, kama aliyevishwa joho. Kwenye foleni kijana mmoja mgeni, fundi wa wiki tatu, alimuuliza, "Mama, naiweka wapi?"

"Unapopataka," Chaki akamjibu. "X ni kuchagua. Na usinisikilize mimi tu, muulize na karani."

Ndani ya kile kibanda cha maboksi, alishika kalamu muda mrefu. Mkono wenyewe ulitaka kwenda kwenye Hapana, miaka kumi na tisa ilikuwa inausukuma. Akaushika kwa mkono wa pili, akauongoza mpaka kwenye Ndiyo, akaweka X moja, safi, ncha zake hazikugusa ukingo wa kisanduku.

Mistari yote mitano ilikwenda na kurudi. Saa kumi kasoro dakika sita mzigo ulikuwa mlangoni.

Matokeo yalisomwa redioni siku ya pili yake, wakati mashine zinanguruma. Bwana Mzigo mwenyewe ndiye aliyetoka ofisini kuzima umeme ili watu wasikie, na hilo wanamsifia hadi leo. Ndiyo ilipita kwa kura mia moja sitini na moja. Kwenye kile kituo cha shule ya msingi, zilizoharibika zilikuwa tatu tu. Redio alipiga kelele iliyostahili jina lake. Chaki alikaa chini, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliona kazini, akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja, na uso wote ukabaki na chaki.

Miezi saba baadaye, dada na mdogo wake waliingia hospitali ya mji. Chaki alikuwa na kadi mbili katika mfuko wa koti, moja yake, moja ya mdogo wake, na alizishika njia nzima. Alikuwa amejiandaa kuzieleza na kuzitetea. Bwana wa dirishani alizichukua, akaandika namba, akazirudisha bila hata kuinua kichwa. "Kaeni pale," akasema. Chaki alisimama mbele ya dirisha lile kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mtu anasubiri miaka minne ili siku moja apokelewe kama mtu yeyote, na siku hiyo ilikuwa imefika.

Wodini, mdogo wake akavaa gauni la mgonjwa. Chaki akalishika pindo kwa mazoea, akalivuta, mshono ukaachia.

"Hili ningelirudisha," akasema.

"Dada, usinivue nguo hospitalini," mdogo wake akamwambia, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Nesi akaja na karatasi kwenye ubao. Upasuaji ungekuwa saa mbili baadaye. Palikuwa na maelezo marefu, na chini kabisa visanduku viwili: Ninakubali kufanyiwa upasuaji. Sikubali.

"Soma, kisha weka X," nesi akasema.

Mdogo wake akasoma mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mishipa imejichora, lakini kalamu aliishika kama alivyokuwa akishika sindano. Akamtupia dada yake jicho.

"Haya, mkaguzi. Nipige mkasi wapi?"

Chaki alicheka kidogo, akamtazama. Aliuona mwili ule ulioisha miaka minne, na macho yale yaliyokuwa yangali na utani.

"Usiniulize mimi," akasema. "Piga unapotaka kupona."

Mdogo wake akaweka X kwenye Ninakubali, kubwa, ncha zimetoka nje ya kisanduku. Nesi akaigeuza karatasi kwenye mwanga.

"Mbona umeichora hivi? Imevuka ukingo."

"Sisi kwetu ndivyo tunavyozichora," akasema mdogo mtu, akalala chali. "Muulize huyo dada yangu. Yeye ndiye aliyetufundisha."

Nesi akamtazama Chaki, na Chaki akasema ndiyo, ni yeye.